Visanduku Vinne

Nayareth, muuguzi, ana kalamu ya kijani
na karatasi ya visanduku vinne:
hapana, kidogo, kiasi, sana.
"Wiki iliyopita, Bi Otilia, ulipata kiungulia?"

Usiulize wiki, binti. Uliza usiku.
Uliza mito mitatu ninayoegemea
kama abiria wa treni ya kwenda Santiago,
maana nikinyooka tu, nyongo hupanda
kunionjesha chakula cha jana.
Tia sana.

"Kushiba upesi?"
Miaka thelathini niliwapikia wavuna zabibu wa Curicó,
masufuria ya maharage, mwiko mrefu kama mpini wa jembe.
Sasa nusu yai, basi.
Mara sita kwa siku, kwa saa, kama padri na sala zake.
Haba na haba hujaza kibaba, dada yangu hunikumbusha.
Kibaba chenyewe alikitoa daktari Iturriaga
akakiweka kwenye beseni.

"Jasho? Moyo kwenda mbio? Kuharisha?"
Jumapili mjukuu wangu Amaro alitimiza miaka mitano.
Nilionja keki. Kijiko kimoja.
Kabla ya nusu saa masikio yalivuma,
blauzi ikalowa, magoti yakawa uji,
nikajilaza kwenye vigae vya choo
nikiwasikia wakiimba nyuma ya mlango.
Waliimba mara mbili, wakiningoja.

"Uzito?"
Pete ya ndoa naivaa shingoni, kwa uzi.
Hermógenes husema nimerudi usichana,
kisha hutoka nje kuwakatia kuku majani
ambayo amekwisha kuwakatia.

"Unaona haya kula mbele za watu?"
Kalamu ilingoja. Ikangoja.
Swali linalofuata, tafadhali.

"Kwa jumla, moja hadi saba, maisha yako yakoje?"

Jana alasiri nilimenya pichi.
Nikaikata vipande kumi na viwili,
nikatafuna kila kimoja mpaka kikawa maji,
uani, hadi kivuli kikaniacha juani.
Haikunigeuka.
Miaka sitini na minne nimekula pichi kwa pupa
nisijue kwamba karibu na kokwa
kuna uchungu mdogo, mzuri, kama wa lozi.
Hiyo ni namba ngapi, Nayareth?

Akatazama saa. Barazani wamebaki kumi na mmoja.
"Tuseme nne?"

Tuseme nne.
Nikafungua mkoba, nikatoa biskuti ya chumvi.
Saa ya mlo wa tatu ilikuwa imepita
kwa dakika tano.