Soli ya Kiatu cha Kulia

Vua viatu, Bi Truphena.
Uzito bado. Chuma kitangoja,
chuma hakina pa kwenda.
Nipe kwanza hicho cha kulia.

Soli imelika upande wa ndani
kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni,
na cha kushoto karibu kipya.
Jozi moja, vilinunuliwa siku moja,
mbona vimezeeka kama ndugu wa mama tofauti?

Anacheka. Goti ndilo linalomsumbua,
nisimpotezee wakati kwa viatu.
Ghorofa ya sita, Pipeline, lifti hakuna,
maji ya mfereji huishia chini uani,
na mtungi wa lita ishirini haupandi wenyewe.
Miaka tisa. Mara nne kwa siku, Jumamosi mara saba.
Naandika daftarini: tisa, nne, saba.

Keti. Simama. Keti tena, usishike kiti.
Nasogea pembeni, kimya.
Hapa juu ya paa nguo zinapiga makofi kambani,
ndege inashusha magurudumu juu ya vichwa vyetu,
mimi nalitazama goti tu.
Linaanza safari vizuri, kisha katikati ya njia
linainama ndani kumtafuta mwenzake
kama mtoto anayeogopa kulala peke yake.
Tena. Linarudia.
Goti halisemi uongo,
ila halijui kusema yote.

Na kifundo hiki je?
"Hicho kilipona zamani."
Zamani lini?
Mtaro wa Mukuru, mwaka wa mvua ile kubwa,
aliteleza na mtoto mgongoni,
akamchagua mtoto, mguu ukabaki chini.
Akaufunga leso, kesho yake akaenda kibaruani.
Mficha maradhi... wahenga walishamaliza hilo.
Nakikunja kifundo. Kigumu, bawaba yenye kutu.
Kimegoma miaka kumi na miwili,
goti likafanya kazi ya watu wawili
na leo ndilo linaloitwa mgonjwa.

Zamani nisingeuliza.
Nilikuwa wa "ongeza sahani, maumivu ni ya wavivu",
mpaka jioni ile ya Kibiwott kwenye benchi,
bega lake likahama kwa mlio mdogo,
njiti ya kibiriti ikivunjwa.
Nikaudaka mtaimbo usimwangukie kifuani.
Yaliyofuata hayamo daftarini.
Ulikuwa mnyanyuo wa kumi na moja,
nilikuwa nikihesabu kwa sauti.
Siku hizi nahesabu kumi, kisha kumi na mbili.
Wateja hudhani ni mzaha.

Basi kreti tatu za soda, na ubao juu yake.
Keti polepole, kama unayeketi juu ya yai la jirani.
Vidole karibu na ukuta, goti liuguse ukuta,
kisigino kisinyanyuke.
Ikiuma tatu katika kumi, twende.
Ikifika tano, turudi nyuma bila aibu.
Maji? Lita kumi kila mkono, si ishirini begani.
Wiki ya pili naondoa ubao,
wiki ya tano naondoa kreti.

Wiki ya saba goti limevimba kama andazi.
Harusi ya mpwa wake, Nyamira,
amecheza hadi majogoo.
Simkaripii. Goti ni lake, mpwa ni wake.
Tunarudisha kreti.

Wiki ya kumi anapanda hadi ya nne bila kusimama,
na anaposimama ni pumzi, si goti.
Wiki ya kumi na mbili
natundika mpira wa mazoezi kwenye msumari,
naye yuko kwenye kreti moja, anafunga viatu.

"Mbona unatundika kwa mkono wa kushoto
na kuandika unaandika kwa wa kulia?"

Sina jibu la haraka.
Anasimama bila kushika kitu,
anasogea pembeni yangu, kimya kwanza,
macho begani.
"Inua," anasema. "Polepole.
Nionyeshe linapoishia."