Faili la Rangi ya Samli

Miaka minane, Wakili Raya,
hukunitoza hata senti ya chai.
Ulinishika mkono ngazi za mahakama ya Wete,
ukaisoma kwa sauti ile hati
mashemeji walioapa imeliwa na mchwa:
mikarafuu kumi na saba,
jina la marehemu, dole gumba lake.

Leo picha yako iko mlangoni kwa Mbarouk muuza mafuta ya taa,
umecheka hadi magego.
Wanasema utakwenda Dodoma.
Mbali huko, mwanangu,
hata bahari ya kuoshea macho hakuna.

Umekuja barazani kwangu, umevua viatu,
na kwa mara ya kwanza
muombaji ni wewe.

Kura chukua. Kura ni wino tu,
nikisugua sufuria kwa jivu unatoka.

Ila mashemeji wamekata rufaa.
Jumatatu karani ataliita jina langu,
nami nitasimama na faili hili
nisilojua kulisoma,
nigeuke nyuma, nitazame benchi lile bovu.

Kiti unachokitaka nimekisikia, mheshimiwa.
Hicho unachokiacha
anakikalia nani?