Lita Themanini na Tatu

Jumapili usiku, umeme umerudi,
nageuza risiti ya duka la dawa
na mgongoni mwake naandika:
Ruai hadi Upper Hill, kilomita thelathini na moja.
Kwenda na kurudi, sitini na mbili.
Siku ishirini na mbili za mwezi.
Kalamu ya Bosibori ina wino wa zambarau,
hesabu zangu zinafanana na kadi ya sikukuu.

Gari langu hunipa kilomita tisa kwa lita,
likiamka vizuri.
Lile jeupe la yadi ya Ngong Road,
lenye betri chini ya kiti,
Kinoti aliapa hutoa ishirini na tano.
Nimeandika ishirini.
Ulimi wa muuzaji nao hula mafuta.

Tofauti: lita themanini na tatu.
Nikayaona madumu manne yamepangwa jikoni,
na chupa tatu juu yake,
yote nayachoma kila mwezi
nikiwa nimesimama Njiru,
nikitazama mgongo wa lori la mchanga.
Haba na haba humaliza tangi.
Kwa bei ya juzi: elfu kumi na tano, kasoro kidogo.
Nilisimama. Nikaketi tena.

Maana kuna safu ya pili, ambayo Kinoti hakuigusa.
Milioni moja na robo.
Toa laki tatu na kumi,
nikipata mtu wa kulipenda langu
asiyefungua mlango wa nyuma.
Zinabaki laki tisa na arobaini.
Sako inataka miaka minne,
karibu elfu ishirini na tano kwa mwezi.
Nikasoma kwa sauti, jikoni, peke yangu:
nalipa ishirini na tano
ili niokoe kumi na tano.

Na bado bima.
Na bado ile betri, ambayo ikichoka
hakuna fundi anayekutajia bei
kabla hajakuuliza kama umeketi.

Lakini nililijaribu, na hili halina safu:
kwenye foleni injini ilinyamaza.
Haikuzimika. Ilinyamaza,
kama mtu anayekusikiliza.
Nikamsikia muuza karanga akihesabu chenji.
Kimya kile ni shilingi ngapi?

Halafu kuna saa.
Nikitoka saa kumi na moja kasoro, barabara tupu,
hili hili langu hufika kumi na mbili kwa lita.
Nikitoka kumi na mbili na nusu, saba.
Kumbe tangi lina tundu,
na tundu lenyewe ni saa ya ukutani.
Ila saa kumi na moja kasoro
Bosibori amelala, mguu mmoja nje ya blanketi,
na nywele zake atazichana jirani.
Hapo kalamu ilisita.

Jumatatu nikampelekea Musembi, Kirinyaga Road.
Yeye hasomi risiti.
Alibonyeza gurudumu kwa kidole gumba,
akaguna, akazunguka, akafungua buti.
“Mama Bosi, na hii?”
Nusu mfuko wa simiti, wa mwaka ule wa ukuta.
Maji yaliuingia, ukawa jiwe.
Kilo ishirini na tano.
Miaka miwili nimelilipia jiwe nauli
ya kwenda kazini na kurudi,
na sikukuu nikalipeleka hadi Keroka.
Musembi alicheka mpaka akafuta macho
kwa mkono wa ovaroli wenye grisi.
Akajaza upepo, akabadilisha plagi,
akadai elfu tatu na mia nane.

Jiwe liko langoni sasa,
bado lina mikunjo ya mfuko.
Bosibori hulikalia jioni akinisubiri,
na akisikia injini yangu kutoka kona ya kanisa
husimama, anasema,
kabla hata sijaonekana.

Wiki hii nimepata tisa na nusu.
Kinoti amepiga simu mara mbili.
Ya pili niliipokea.