Mawe Kumi na Manne

Barabara ya kusini haina lami, kwa hiyo haina mstari.
Changarawe haishiki rangi: paka Jumatatu,
Jumatano imeshaondoka na magurudumu.
Ndiyo maana Ercilia Nahuelquín alipaka mawe.

Mawe kumi na manne, kona ya Kinu Kibovu,
pale mpwa wake Eleuterio alipoingia bondeni na shehena ya mbao,
mwezi wa Julai, saa kumi na mbili jioni, giza limeshafunga.
Hakufa. Ila mguu wake wa kushoto
tangu siku hiyo hutabiri mvua siku mbili kabla.

Zamani, majira matatu ya joto, Ercilia alisukuma toroli la rangi
na kikosi cha kuchora barabara mjini Coyhaique.
Aliondoka na mgongo mbovu
na nusu gunia la vishanga vya kioo, vidogo kuliko ulezi,
msimamizi akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Rangi kwanza," alimfundisha Eleuterio,
"nzito, mbichi. Halafu mwaga
kama unayewatupia kuku: kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.
Ukiwahi, zinazama zote, zinakuwa vipofu.
Ukichelewa, upepo unazipeleka Argentina.
Nusu ya punje imezwe,
nusu ibaki nje, inatazama."

Mimi nabeba sufu. Napita pale mara mbili kwa wiki.
Usiku wa kwanza nilidhani ni kondoo,
nikakanyaga breki hadi mzigo ukanisukuma mgongoni.
Macho kumi na manne, hayapepesi,
na ukingo wote ukajitaja, jiwe kwa jiwe:
hapa ni mwisho, hapa pia, pinda, pinda.

Nikaja mchana kuyaona.
Mawe tu.
Weupe wa maziwa yaliyochacha, kinyesi cha ndege juu yake.
Nikapitisha kidole: ulimi wa paka.

Ercilia alinikuta nimechuchumaa pale. Akanipa chai, mkate, jibini,
kisha akauliza, bila kunitazama,
"Yanawaka?"

Nilidhani ananitania.
Dirisha lake liko hatua mia mbili, linaitazama kona.
Miaka miwili ameketi hapo na sindano zake za kufuma,
lori linakuja, taa zinayapiga mawe,
na mawe yanabaki meusi kama mkaa wa jana.

Maana kishanga hakitawanyi mwanga ovyo.
Kinaugeuza tumboni mwake
na kuurudisha kule kule ulikotoka,
kwa aliyeuleta,
si kwa jirani, si kwa mpita njia,
wala kwa mkono uliokipanda.
Kinyozi hajinyoi.

"Panda," nikamwambia.

Alivua aproni. Akavaa viatu vya kanisani.
Tukarudi nyuma hadi darajani, nikageuza lori,
tukasubiri giza likomae, tukila mkate uliobaki.
Gia ya pili. Taa kali.

Jiwe la kwanza likafumbua.
La pili.
La tatu na la nne kwa pamoja, kama mapacha walioamshwa.
Sikugeuka kumtazama. Kuna nyuso
ambazo dereva hana haki nazo.
Nilisikia tu pumzi yake, ikihesabu.

Kona ilipoisha akasema,
"Kumi na tatu."
"Nini?"
"La tisa halipo. Kondoo wa Baldomero wamejikuna tena hapo.
Nishushe."

Akashuka na viatu vile vile topeni,
akalipita lori, akaingia gizani bila tochi,
akimlaani Baldomero na ukoo wake.
Nikabaki nimewasha taa, injini ikinguruma,
hadi mlango wake ulipofunguka:
ufa mwembamba wa njano,
mwanga wa kawaida,
wa kuonwa na yeyote.