Kipimo cha Kichwa Changu

Daftari linasema kofia kumi na saba.
Kumi na saba kabla ya Idi, na leo ni Ramadhani ishirini na moja.
Tisa zimekwisha, zimetiwa wanga, zimevalishwa masufuria
yaliyopinduliwa juu ya meza ya kulia,
hata mgeni wetu wa futari jana akauliza
kama siku hizi tunaalika vichwa bila ya miili.
Nane zilizobaki: tano zangoja kuunganishwa tu,
tatu, Mungu ndiye ajuaye.

Nashona Mabela, nyumba ya tatu nyuma ya duka la matairi,
katika chumba kilichokuwa cha Muhannad kabla hajaoa.
Kiyoyozi kinakoroma na kudondosha maji ndooni.
Cherehani iko pembeni, ya foronya na mapazia ya majirani.
Kofia ni mkono.
Ingiza, zungusha, vuta, kaza,
kitobo kisizidi punje ya mtama,
na ukikosa kimoja, ua zima linakonyeza.

Saa saba usiku mteja ananiandikia:
"Dada, za mashine riyali mbili na nusu hapo sokoni Sibu.
Yako arubaini, kwa nini?"
Nikampelekea picha ya kidole changu cha shahada.
Hakujibu.
Kesho yake akaleta kipimo: kumi na moja na nusu.

Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo.
Lakini chini ya mto wa kiti, katika mfuko mtupu wa mchele,
ninayo moja isiyo daftarini.
Naishona kwa nyuzi za masazo:
zambarau ya bwana harusi wa Nizwa aliyeghairi
(rangi, si harusi),
kijani kilichobaki kwa kadhi,
na manjano ya mama, ya kwenye kopo la biskuti,
ambayo naikata fupi fupi kama mtu anayepima zafarani.
Ua lake hakuliagiza mtu.
Nililiona kwenye vigae vya hospitali
siku niliyokaa saa nne nikisubiri jina langu liitwe.
Nimeipa dakika kumi baada ya tarawehe,
robo saa wali wa daku ukipalia,
miaka miwili sasa.

Leo Saif bin Hamdun kaja kuchukua zake mbili.
Akakaa juu ya ule mto. Akahisi kitu. Akakichomoa.
"Na hii?"
"Hiyo si ya kuuza."
"Mia."
Mia!
Nikaziona zimekaa mbele yangu, moja moja:
matairi mawili ya gari, umeme wa Juni,
miwani ya Shamsa aliyoikalia mwenyewe.
Ulimi ukanisaliti. "Ijaribu kwanza," nikasema.

Akaivaa.
Ikamkaa utosini kama kifuniko cha buli juu ya sufuria la pilau.
Tukacheka mpaka akashika ukuta.
"Ya mtoto?"
"Ya mtu mzima."
"Kichwa cha nani hiki, bibi Ghaniya?"
Nikainama kutafuta uzi ambao haukupotea.

Usiku wamelala.
Nimevua mtandio, nimeivaa,
sindano bado inaning'inia sikioni kama kipuli.
Kioo changu ni mlango wa oveni, jikoni, taa moja.
Kumi na nusu. Imeshika pote, haibani, haichezi.
Nikageuka upande. Nikageuka tena.
Hapo Hilali akatokea, anatafuta maji,
macho nusu, kikoi mkononi.
Miaka thelathini na moja ya ndoa, nikasubiri atakalosema.
Akanywa. Akatazama. Akaweka gilasi.
"Imepinda kushoto," akasema, akarudi kulala.

Kweli imepinda.
Nikaivua, nikafumua safu mbili,
na adhana ya alfajiri ikanikuta
nalitafuta tundu la sindano kwa jicho moja.