Bluu Kidogo

Mashati arobaini na matatu,
yote meupe kwenye maelezo ya mwalimu,
yote mekundu kwenye kioo changu.

Mwalimu Chilewa kazileta picha ndani ya flashi
iliyofungwa uzi wa katani:
vitambulisho, darasa la saba, Mvumi,
upana pikseli mia na ishirini,
mfumo haupokei zaidi ya hapo.
"Mashati yawe meupe," kasema mlangoni.
"Ujue tuliwapiga Oktoba."

Oktoba. Nani wa huku asiyeijua?
Upepo unapita palipovunwa uwele,
unainua shamba zima, unaliweka kwenye kola.
Hata humu ndani, Barabara ya Saba,
kibodi nikiipangusa asubuhi
adhuhuri kidole kinatoka na rangi ya chungu.

Basi nauvuta wekundu kurudi nyuma.
Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili.
Mashati yanatakata, yanapendeza kweli,
na nyuso zinakufa.
Sechelela Madeje amekuwa majivu,
Nyemo ana kijani kwenye paji
kama aliyelala na homa wiki nzima.
Natengua.
Wekundu ule ule niliouita uchafu shatini
mashavuni ndio damu.

Niwatenganishe, basi: shati peke yake, mtu peke yake.
Nakuza mara kumi na sita
mpaka mtoto anakuwa vigae vya sakafu.
Na shingoni, kola inapogusana na ngozi,
pana kigae kimoja si shati wala si mtu,
rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa kubania.
Programu inataka nichague upande.
Feni inazunguka. Sichagui.

Mama hakuwahi kugusa kompyuta
lakini kazi hii aliijua.
Jumamosi, maji ya korongo,
yale ya kufukua mchangani na kusubiri kata ijae,
aliyaacha ndooni tope lishuke.
Shati likafuliwa, likasuuzwa, bado lina unjano.
Ndipo anafungua pindo la kanga, anatoa kijiwe cha bluu,
anakipitisha majini mara moja tu
kama anayeogopa kuzidisha chumvi.
"Kidogo," anasema. "Ukizidisha utavaa mbingu,
wenzako wakucheke."
Bluu haikuondoa kitu.
Uchafu ulibaki mle mle ndani ya uzi,
ila ulipata mwenzake wa kuzungumza naye.

Wekundu nauacha ulivyo.
Kwenye mashati tu naongeza bluu: nne,
mengine tano, la Nyemo saba, maana alikaa upande wa dirisha.
Kile kigae cha shingoni nakipa mbili, nusu kwa nusu,
namwomba radhi mwenye shingo.

Moja mpaka arobaini na mbili.

Ya mwisho ni Matika Lungwa, shati la mtu mkubwa,
na kifuani, juu, pikseli moja nyekundu kabisa.
Vumbi haliwi hivyo. Vumbi hutapakaa.
Nakuza, na kadiri ninavyokuza
ndivyo inavyozidi kuwa mraba tu, mwekundu, bubu.

Nampigia mwalimu.
"Matika ana nini hapo kifuani?"
Kimya. Nasikia kuku wake.
"Kifungo," anasema. "Kilikatika asubuhi ile, kwenye foleni.
Nilikuwa na sindano. Uzi mweupe sikuwa nao."
"Nikifute?"
"Mfumo utakikataa?"
"Mfumo hauoni kitu kidogo hivyo."

Anacheka kidogo, au ni mtandao.
Luku inapiga kelele ukutani, zimebaki yuniti mbili.
Nabonyeza hifadhi
mkono wangu ukiwa mbali na kifungo.