Linabeba Nini

Lorne ananiuliza kabla sijavua glavu:
"Hilo pikapu linabeba nini?"

Mimi nimekuja na jibu la swali jingine.
Nimekuja na picha kwenye simu: rimu nyeusi, inchi ishirini,
zenye meno kama msumeno,
zile alizofunga Mlondani mwezi wa nane
akatuita uani tuzunguke gari lake
kama watu wanaomtazama bibi harusi.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Mwezi wa kumi na moja shimo la Barabara ya Kumi na Nane
likaitafuna moja ubavuni, kama panya na mche wa sabuni.
Hakutuita tena.

Linabeba nini?
Mabeleshi ya theluji. Magunia ya chumvi.
Friji ya Mama Wabiwa alipohama ghorofa ya tatu,
na Mama Wabiwa mwenyewe, ameikumbatia, hataki kukaa mbele.
Nyassa kila jioni kwenda zamu kiwanda cha nyama,
watoto wawili wanaogombea dirisha moja.
Na siku ile ya upepo wa kaskazini, jeneza,
maana gari la maiti lilikwama kwenye kilima cha makaburi
na sisi, kwa matairi vipara, sijui kwa nini,
hatukukwama.

Namwambia: "Mizigo. Ya kawaida."

Anapiga goti. Anapitisha kidole ubavuni mwa tairi
polepole, kama asomaye jiwe la kaburi la mgeni:
mia mbili sitini na tano, sabini, kumi na saba.
Herufi E: mgongo wa mchukuzi.
Kisha kilima chenye vilele vitatu
na chembe ya theluji tumboni mwake.
"Bila hiki," anasema, "Januari haikujui."
Nimezaliwa Fizi, milima naijua;
sijaona hata mmoja unaotosha chini ya kidole gumba.

Na mwisho, ndani ya duara kama yai,
tarakimu nne: thelathini na nne, ishirini na nne.
Wiki, na mwaka.
"Hapo ndipo lilipozaliwa."

Karatasi zangu zinasema Januari mosi,
sawa na nusu ya watu tuliopanda nao ndege;
karani wa kambi alikuwa na foleni ndefu
na kalamu inayokauka.
Tairi linajua wiki yake.

Naonyesha tena ile picha, kwa aibu kidogo.
Anacheka bila kunicheka. "Zitatoka nje ya madigadi
kama masikio. Kona ya kwanza utazisikia zikisaga.
Na ubavu wa tairi utakuwa mwembamba,
shimo litagonga chuma kabla halijagonga mpira."

Basi chuma cha kawaida, kijivu, inchi kumi na saba,
kashata nene zinazoingia kucha nzima,
dola elfu moja mia sita na kodi juu.
Nimekubali kila kitu, ila kimoja:
herufi nyeupe zitazame nje.
Lorne ananitazama. Anaandika. "Nje."

Spana yake inalia *ka* kwa kila nati.
"Rudi baada ya kilomita themanini nizikaze tena.
Kitu kipya hulegea kidogo ndipo kishike."

Nyumbani Nyassa anatoka na kanga juu ya koti,
anazunguka gari mara moja, mara ya pili.
"Pesa zote hizo, na bado ni meusi."
Namwonyesha herufi. Ananyamaza. Namwonyesha yai lenye tarakimu.
Anainama, anafuta chumvi kwa kiwiko,
anahesabu wiki kwa vidole, midomo ikichezacheza.

"Mwezi wa nane," anasema. "Mwishoni."
Na mdogo wetu, aliyekwisha panda nyuma,
anauliza kama matairi manne
yanakatiwa keki moja au nne.